Kujifunza kuimba klasiki ya Kihindi ukubwani, nilivyofundishwa Pune

Mkuu umeuliza kama mtu wa miaka 26 anaweza kuanza sasa hivi kujifunza kuimba klasiki ya Kihindi, hii ya kaskazini inayoitwa Hindustani, na kama video za YouTube zinatosha. Kuanza unaweza kabisa. Ila video peke yake hapana, na mimi nilipita hukohuko kwahiyo ngoja nikusimulie.

Nilienda Pune, mji wa India, kusoma chuo. Nimekulia taarabu za Mombasa, zile za Juma Bhalo zenye mahadhi ya filamu za Kihindi, kwahiyo nikajiona sauti ninayo. Nikaanza na video, nikakariri raga mbili tatu, yaani mpangilio wa noti wenye namna yake ya kuimbwa, alaf mwaka wa pili rafiki akanipeleka kwa mwalimu, mama mmoja mtu mzima tuliyekuwa tunamwita Tai, yaani dada mkubwa kwa Kimarathi. Akaipakata tanpura, ile yenye nyuzi nne isiyopiga wimbo wowote, inavuma tu nyuma yako mwanzo mwisho, akaniambia imba Sa. Sa ndo noti ya kwanza. Nikaimba, akasema tena, nikaimba, tena, saa nzima ikaisha hivohivo na wiki iliyofuata pia.

Shida ilikuwa hii, pumzi ikikaribia kuisha Sa yangu ilikuwa inashuka kidogo sana na mimi nilikuwa siisikii. Tai hakugomba, alikuwa anainua kidole tu. Imenichukua kama wiki sita ndo nikaanza kuisikia inashuka kabla kidole hakijainuka. Sasa video itakuinulia kidole saa ngapi? Wewe unaisikia, yenyewe haikusikii.

Mazoezi wanaita riyazi, shina lake la Kiarabu ni moja na riadha yetu, na kweli ni kama mwanariadha. Alfajiri kabla hujala unashuka noti za chini kabisa, polepole, pumzi ndefu, wanaita kharaji, ndo inayojenga kifua cha sauti. Baada ya hapo palta, yaani Sa Re Ga, Re Ga Ma, Ga Ma Pa, kupanda na kushuka mpaka koo lizoee.

Raga yangu ya kwanza ilikuwa Bhupali, noti tano tu, Sa Re Ga Pa Dha, ya jioni. Nikaona rahisi. Siku moja Tai akaniimbia noti zilezile tano akasema hii sasa ni Deshkar, ya asubuhi! Tofauti ni wapi unakaa, Bhupali inaegemea Ga, Deshkar inaegemea Dha, na namna unavyoingia kwenye noti na kutoka. Kwenye karatasi zinafanana karibu kila kitu, hadi leo nikizisikia moja baada ya nyingine nywele zinasimama. Kitu kama hicho unakipokea kwa mdomo wa mtu aliyekaa mbele yako, ndo maana wana gharana, kama familia za uimbaji, Gwalior, Agra, Kirana, Jaipur, kila moja na namna yake ya kuifungua raga.

Mwimbaji maarufu Bhimsen Joshi, wa gharana ya Kirana, alitoroka kwao akiwa mtoto wa miaka 11 kutafuta mwalimu, akazunguka India kwa treni mpaka akaishia kwa Sawai Gandharva, na mwalimu alipofariki akamuanzishia tamasha hapohapo Pune mwaka 1953, lipo mpaka leo kila Desemba. Nimelihudhuria mara mbili. Watu wanakaa chini masaa na masaa, mwimbaji anaanza polepole sana, mzunguko mmoja wa mapigo 12 unaweza kufika dakika nzima, na hakuna anayemharakisha.

Kwahiyo mdogo wangu, tafuta mwalimu wa kukusikia, hata wa mtandaoni ilimradi mnaonana laivu. Ukiona anakupa nyimbo za filamu mwezi wa kwanza, ondoka, mimi nilishapoteza ada sehemu kama hiyo. Wakati unamtafuta weka programu ya tanpura kwenye simu, imba Sa robo saa kila asubuhi, jirekodi, alaf usihangaike na mwanzo wa noti, sikiliza pale pumzi inapoishia.