Ukipewa Kazi ya Kuandika Historia ya Kanisa Lenu

Kanisa likikaribia jubilii, lazima apatikane mtu wa kuandika "kile kitabu". Hapa Nakuru, katika ushirika wetu wa Methodisti, kazi hiyo niliangukiwa nayo mimi, nadhani kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kama nawe umeangukiwa, haya ndiyo ningekwambia.

Usianze na orodha ya wachungaji. Kwetu Wamethodisti mchungaji ni mpita njia: anapangwa leo hapa, kesho anahamishwa, na akiwepo anahudumia sakiti nzima, yaani kundi la makanisa, si kanisa moja. Jumapili nyingi anayesimama mimbarani ni mhubiri mlei, mwalimu au karani au mama mwenye duka sokoni. Ukiandika wachungaji peke yao utakuwa umeandika habari za wageni na kuwaacha wenyeji nje. Tafuta ratiba za zamani za mahubiri. Sisi zetu zilikuwa zimefungia vyombo vya chai stoo.

Kuhusu mwanzo, usihangaike kumtafuta mmishonari aliyekuja kuwaanzishia kanisa, huenda hakuwapo. Methodisti ilifika Kenya mwaka 1862, mmishonari Mjerumani Krapf akiwaonyesha njia wenzake kutoka Uingereza, na Thomas Wakefield akafanya kazi miaka mingi Ribe, nyuma ya Mombasa. Meru walianza 1912. Magharibi kulikuwa na wenyewe: Wakwekari Kaimosi tangu 1902, Waanglikana Maseno tangu 1906. Kwa hiyo Methodisti wetu wa hapa Nakuru walikuja na masanduku yao, wakifuata mshahara, wa reli, wa ualimu, wa serikali. Muulize kila mzee: ulikuja na barua ya kanisa gani? Swali hilo lilinifungulia milango mingi kuliko "kanisa lilianza lini?", ambalo kila mtu analijibu kwa mwaka wake. Mama mmoja alinitolea barua yake ya uhamisho kutoka Meru, imekunjwa ndani ya Biblia, wino umefifia lakini sahihi ya mchungaji bado inaonekana. Barua hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha ushirika wetu.

Sura ya imani ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa wananakili maneno makavu kutoka kitabu cha mafundisho, na hakuna anayeyasoma. Anza na yale ambayo majirani wanawauliza. Mbona mnabatiza watoto wachanga? Kwa sababu tunaamini neema ya Mungu inamtangulia mtu, inamfikia kabla hajajua kuitafuta, na ni ya wote, si ya wachache waliochaguliwa tangu zamani. Mbona Januari mnafanya Ibada ya Agano? Ni desturi aliyoianza John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, mwaka 1755, muumini akijiweka upya mikononi mwa Mungu. Na huyo Wesley alikuwa tayari kasisi wa Anglikana jioni ya tarehe 24 Mei 1738, pale mtaa wa Aldersgate, London, alipohisi moyo wake umepata joto la ajabu, akajua dhambi zake mwenyewe zimesamehewa. Hapo ndipo tunapopata lile neno letu kwamba mtu anaweza kuwa na hakika ya wokovu wake.

Lakini sura niliyoipenda kuliko zote ni ya madarasa, yale makundi madogo ya waumini chini ya kiongozi mmoja. Mwaka 1742 waumini wa Bristol walikuwa na deni la jengo. Wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na kiongozi mmoja akusanye kwa watu kama kumi na wawili. Viongozi walipopita nyumba kwa nyumba wakakuta mengine: huyu anaumwa, yule haishi anavyokiri. Wesley akaona hiyo ndiyo njia ya kuwachunga watu. Basi mpango wa kulipa deni ukageuka uchungaji! Niliposoma hayo nikakumbuka daftari za michango za darasa letu la mtaa wa Section 58, ambamo kando ya majina kiongozi aliandika kwa penseli "amefiwa", "hana kazi", "yuko hospitali". Mweka hazina alitaka kuzitupa. Usikubali. Hakuna ripoti ya mwaka inayosema mengi hivyo.

Picha, andika majina nyuma yake ukiwa bado na mtu wa kukutajia. Magomvi yaandike kwa ufupi, mwaka na sababu, bila majina. Watoto wa waliogombana wanaimba kwaya moja.

Kisha, kabla ya kupeleka kwa mchapaji, wasomee wazee kwa sauti, pamoja, wala si mmoja mmoja. Watabishana, na katika ubishi huo ndimo tarehe zinamonyooka. Chapisha nakala chache kwanza, na uache kurasa tupu mwishoni, maana siku ya uzinduzi ndipo watu watakapokumbuka majina uliyokuwa ukiyatafuta kutwa kucha.