Kiuno kikikaza, usikubali kukanyagwa mgongo

Sisi tunaoshona kwa cherehani ya mguu huku Ngamiani, Tanga, viuno vyetu tunavijua. Kutwa umeinamia kitambaa, mguu unakanyaga, ikifika alasiri kuinuka kitini ni kazi. Dawa ya kwanza mtaani ni kuchuliwa, na mimi siipingi, imenifaa sana. Ila kuna kuchua na kuchua.

Wapo wanaokulaza kifudifudi wakakupandia mgongoni mpaka pingili zialike. Mlio ule watu wanaupenda mno, wanaamini mfupa uliohama umerudi. Hakuna mfupa uliorudi; ni mapovu ya gesi ndani ya ute wa kiungo. Na msuli uliokaza mara nyingi unalinda sehemu inayouma. Ukiushambulia kwa nguvu, unazidi kujihami.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia hata kiuno hakukigusa mwanzo. Aliniuliza kama maumivu yanashuka mguuni, kama nina ganzi, kama haja ndogo naimudu. Akanitazama nikiinama, nikitembea kwa visigino. Ndipo akanilaza ubavu, mto katikati ya magoti, akaanza na tako! Aliweka kiwiko taratibu, akatulia palepale mpaka pumzi ikanitoka na msuli ukalegea, kisha akasogea kidogo. Hakusugua. Mafuta alipaka kiduchu, maana mkono unaoteleza haushiki msuli. Nikikunja uso, anapunguza. Halafu akahamia mbele ya nyonga. Kumbe kuna msuli unaotoka kwenye pingili za kiuno, unapita mbele ya nyonga na kushika mfupa wa paja. Mtu wa kukaa kutwa kama mimi msuli huo unabaki umejikunja, akisimama unamvuta kiuno.

Nilidhani nitaachwa nisinzie. Wapi! Niliinushwa nifanye mazoezi hapohapo, kwa sababu nafuu ya kuchuliwa haikai sana, na inatakiwa uitumie kujinyoosha ungali mlaini. Unalala chali, unavuta goti moja kifuani, unabadilisha. Unakunja magoti, unainua makalio, unashusha polepole. Jioni unatembea, mimi naelekea Raskazone, upepo wa bahari ni nyongeza. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unataja kuchua pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mikanda ya kiuno haukuipendekeza, na shoga zangu walioinunua hawataki kusikia hilo.

Wapo wasiotakiwa kuchuliwa kabisa kabla ya kuonwa na daktari: mwenye homa, anayekonda bila sababu au kutokwa jasho usiku (kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo), na mzee aliyeanguka. Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukakwama au ukatoka wenyewe, au mguu ukalegea, nenda hospitali, kwetu ni Bombo, siku hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Kwa kiuno cha uchovu tu, hata mumeo anaweza kukuchua nyumbani. Mwambie asibonyeze uti wenyewe, abaki kwenye nyama za pembeni na matako, atumie kiganja, dakika kumi zinatosha. Kesho yake ukiamka na uchungu kidogo ni kawaida. Ukiamka mguu unawaka mpaka unyayoni, asirudie; nenda kapimwe.