Jenereta ya nyumbani au dukani: anza na mota, bei baadaye

Wengi huulizia jenereta kwa bei, kisha hushangaa friji ikiwaka taa zote zinafifia. Kosa liko kwenye hesabu. Chochote chenye mota, kama friji, friza au pampu ya maji, hula umeme mara tatu au zaidi kinapoanza kuzunguka kuliko kinapoendelea kufanya kazi.

Chukua nyumba yenye taa za wati 60, TV ya wati 100, friji ya 150 na pampu inayokula 600. Jumla ni 910. Sasa chukua mota kubwa peke yake, yaani pampu, uizidishe mara tatu: 1,800. Ongeza 310 za vilivyobaki, unapata 2,110. Acha nafasi ya kama asilimia 20, utafika karibu wati 2,500. Hiyo ndiyo namba ya kutafuta, na iwe ya uwezo wa mfululizo. Kwenye kibandiko huwa kuna namba mbili, na kubwa ni ya muda mfupi tu. Kwa dizeli zilizoandikwa kVA, zidisha kwa 0.8 upate kilowati. Kwenye miinuko punguza tena: injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300, kwa hiyo Nairobi unakosa karibu moja ya tano.

Vijenereta vidogo vya kuchanganya petroli na oili (mililita 20 kwa lita kwa uwiano wa 1:50) vinafaa taa, redio na kuchaji simu. Friji usivipe. Jenereta ya petroli ya four-stroke, ambayo oili huwekwa mahali pake bila kuchanganywa na petroli, ndiyo ya nyumba nyingi, ya saa chache umeme unapokatika. Jenereta ya inveta ni ghali, lakini umeme wake ni msafi kwa kompyuta, na mzigo ukiwa mdogo injini hupunguza mwendo na mafuta. Dizeli inunue kama itafanya kazi kila siku kwa saa nyingi: ya mizunguko 1,500 kwa dakika hudumu kuliko ya 3,000, na huwa na kelele kidogo. Ila usiibebeshe mzigo mdogo, chini ya asilimia 30, siku nzima. Mafuta hayaungui yote, masizi hujaa kwenye ekzosi na oili nyeusi huanza kuvuja.

Dukani uliza koili ni ya shaba au alumini. Alumini ni rahisi na nyepesi, lakini huwahi kuungua ikizidiwa.

Mpya ya petroli huja bila oili. Ijaze kabla ya kuvuta kamba. Badilisha baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Ikiwa itakaa zaidi ya mwezi, funga koki ya mafuta injini ikiwa inazunguka uiache izimike yenyewe, la sivyo petroli itagandia kwenye kabureta na utaanza safari za fundi.

Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme unarudi kwenye laini ya nje, na fundi aliye juu ya nguzo hajui. Weka swichi ya chenji-ova, inayotenganisha umeme wa jenereta na laini ya nje. Na isiwashwe ndani, hata kwenye varanda yenye dirisha wazi: moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu.