Kihisi kinasoma juu, modeli inasoma chini: uamini kipi?
Ndugu yangu, usikitupe kihisi chako cha vumbi laini (PM2.5, chembe ndogo sana za hewani) eti kwa sababu kinasoma juu kuliko modeli ya Copernicus, mpango wa Ulaya unaokadiria ubora wa hewa kwa kompyuta. Modeli ile ya dunia nzima hutoa wastani wa eneo la takriban kilomita 40 kila upande. Moshi wa matatu mbele ya dirisha lako Nairobi humezwa humo. Ila angalia unyevu kwanza! Kihisi hupima mwanga unaotawanywa na chembe, na chembe zilizovimba kwa maji hutawanya zaidi, hivyo alfajiri yenye ukungu hukipotosha. Kiweke wiki kadhaa kando ya mtambo rejea, yaani kipimo rasmi cha hewa kinachoaminika, ukirekodi joto na unyevu, upate kanuni ya kusahihisha. Kabla ya hapo, mimi nisingezilinganisha namba zako na kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24.