Chagua hedifoni kwanza, pleya itafuata

Watu wengi wakitaka kusikiliza muziki vizuri njiani au wakiwa wamejilaza zao nyumbani, wanaanza kuulizia pleya. Naomba mnisikilize kwenye hili maana hela yangu ilishapotea hapo: chagua hedifoni kwanza, ikishakukaa masikioni na umeipenda, ndo utafute pleya yenye uwezo wa kuisukuma. Mi nilienda kinyume, tena mara mbili.

Ilikuwa hivi. Shangazi yangu anakaa Ngamiani hapa Tanga, na chini ya kitanda chake kuna boksi la kanda za zamani, taarab za kwetu za Black Star na Lucky Star, dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, nyingi alizirekodi mwenyewe redioni enzi hizo kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio nyingine na kuwaambia watoto wanyamaze. Nikakuta zingine zimeanza kuota ukungu, hewa yetu ya bahari haibakishi kitu, ikabidi nizihamishie kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, kila jioni kanda moja, upande ukiisha nageuza, ilinichukua kama miezi minne. Nilipomaliza nikataka kidude cha kuzisikilizia popote nilipo bila kugusa simu.

Nikanunua pleya ya elfu 35, inang'aa, ina redio, ina tochi, na iafoni zake ndani ya boksi. Kila mwimbaji alisikika kama anaimba ndani ya ndoo. Nikaambiwa tatizo ni iafoni, tafuta hedifoni kubwa za studio, nikapata za mkononi kutoka kwa jamaa mmoja Dar, nzito, nzuri, nikazichomeka kwenye pleya ileile, nikapandisha sauti mpaka mwisho na gitaa likawa linasikika kama liko nyumba ya tatu. Nikajua nimepigwa. Nikazipeleka kwa fundi redio pale barabara ya 12, hakufungua hata skrubu moja, alizichomeka kwenye amplifaya yake ya mezani na muziki ukajaa kichwani mpaka nikazivua. Akanionyesha maandishi madogo pembeni ya mkanda, 250 Ω, akasema, "Mdogo wangu hizi ni nzima kabisa, hicho kidude chako ndo hakina mbavu za kuzibeba."

Basi hiyo alama ya Ω ndo ya kwanza kuiangalia. Ni omu, kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme. Iafoni za kawaida nyingi ziko kati ya 16 na 32, za studio utakuta 80, 250, 300 mpaka 600. Chukua pleya inayotoa volti 1, na vidude vingi vidogo vinazunguka humo humo: kwenye hedifoni ya omu 32 inaingiza nguvu ya kama miliwati 31, kwenye ya omu 250 zinaingia miliwati 4 tu. Pleya ileile, wimbo uleule. Na usiangalie jina la modeli peke yake, kwa mfano Beyerdynamic DT 770 PRO zinauzwa za omu 32, za 80 na za 250, na kwa macho zinafanana sana, kwaiyo soma kilichoandikwa kwenye ile unayopewa mkononi.

Kuna namba ya pili watu wanaipita, ya desibeli kwa miliwati 1, inakwambia hedifoni ikipewa umeme kidogo inatoa sauti kiasi gani. Yenye 96 inahitaji umeme mara 10 zaidi ya yenye 106 ili zifikie sauti moja. Ila kuwa makini, kampuni zingine wanapima kwa volti 1 badala ya miliwati 1 na namba inatoka kubwa zaidi, usije ukalinganisha hii na ile ukadhani umepata.

Na usifikirie basi omu zikiwa chache mambo yote yamekwisha. Zile ndogo za kuingia sikioni zinasikia kila kitu, mpaka uchafu wa pleya yenyewe. Chomeka, weka wimbo, alafu usimamishe, usikilize kimya chake: ukisikia shhhh kama mvua ya mbali, hiyo shhhh itakaa na wewe kwenye kila wimbo wa taratibu. Halafu na pleya yenyewe ina omu zake kwenye tundu la jeki, hizo zinatakiwa zisizidi sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni, yani iafoni ya omu 16 inataka pleya isiyozidi omu 2. Ikizidi, besi na sauti za juu zinaanza kupanda na kushuka mahali ambapo mwanamuziki hakuzipandisha wala kuzishusha.

Sasa tuje dukani, maana hapo ndo hela inatoka. Muuzaji atakwambia, "Kaka hii besi yake balaa," na atakuwekea wimbo wake wa klabu ambao hata kopo litaupiga vizuri. Mkatalie kwa adabu. Nenda na nyimbo zako kwenye memori kadi, nyimbo unazozijua mpaka mwimbaji anapovuta pumzi. Mi nabeba taarab za Tanga, na sibebi kwa mapenzi tu. Vikundi vya kwetu viliingiza gitaa la umeme na gitaa la besi kwenye taarab, na hilo gitaa la besi halisimami sehemu moja, linatembea, linapanda, linajibizana na mwimbaji, kila noti ina mwanzo wake na mwisho wake. Hedifoni mbovu inazikanyaga noti zote zinakuwa bum, bum, bum, unajua besi ipo lakini huwezi kuiimba. Kwaiyo kipimo changu ni hicho: nafumba macho naifuata besi peke yake kwa kuimumunya mdomoni. Nikiweza kuifuata ubeti mzima bila kuipoteza, naendelea kuisikiliza hiyo hedifoni. Nikiipoteza naivua, hata kama ina taa za rangi saba. Baada ya besi nasikiliza herufi s na sh za mwimbaji, zikinichoma sikio dukani, nyumbani baada ya saa moja kichwa kitauma.

Kanda za zamani zina faida nyingine, nyingi ni mono, yani kushoto na kulia inaenda sauti ileile. Ukizisikiliza, mwimbaji anatakiwa akae katikati kabisa ya kichwa, usawa wa paji la uso. Akivutia upande mmoja, geuza hedifoni, ya kushoto iende kulia. Akihama naye, basi kuna upande wa hedifoni au wa pleya wenye sauti ndogo, jaribu na pleya nyingine utajua ni ipi kati ya hizo mbili. Akibaki upande uleule, kasafishe masikio au kajaribu kuikalisha upya. Dakika moja tu, na mi imeshaniepusha na hedifoni mbili ambazo kwa macho zilikuwa mpya kabisa.

Iafoni za kuingia ndani zinakuja na mipira ya saizi tatu na watu wanaacha ileile iliyokuja imevalishwa. Jamani badilisheni. Mpira usipoziba sikio vizuri besi yote inavuja, unabaki na sauti ya bati, unasema iafoni mbovu kumbe mpira mdogo. Na si lazima saizi iwe moja, sikio langu la kulia linataka mkubwa, la kushoto wa kati.

Halafu joto. Watu wanaoandika kuhusu hedifoni huko Ulaya hawakai Tanga mwezi wa pili. Hedifoni zinazofunika sikio lote, zenye ngozi ya bandia, hapa kwetu dakika 20 jasho linatiririka, na mwaka wa pili ile ngozi inaanza kubanduka vipande vyeusi vinabaki shingoni. Ukinunua hizo uliza kabisa kama kava zake zinauzwa peke yake, ikiwezekana za kitambaa. Mi kwa matumizi ya nyumbani nimehamia kwenye zile za wazi nyuma, nyepesi, zenye sponji, kama Koss Porta Pro ambayo inatengenezwa tangu 1984 na ina omu 60, hewa inapita, sikio halichemki. Ubaya wake sauti inatoka nje, ukikaa nazo kwenye basi jirani yako anasikiliza na yeye. Na chumvi ya bahari inaota kwenye jeki, unaanza kusikia kwarakwara ukiigusa, ifute na kitambaa kikavu na uhifadhi kila kitu kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye boksi la viatu.

Pleya sasa, na hapa sitakaa sana kwasababu ukishajua hedifoni yako inataka nini, nusu ya pleya zinajitoa zenyewe. Kama simu yako bado ina tundu la jeki na hedifoni yako ni ya omu 32, jaribu simu kwanza, unaweza usihitaji kununua kitu. Kama tundu halipo, kuna vile vikamba vya Type-C vyenye kibadilishi cha sauti ndani yake, vidogo kama kidole na vingine vinasukuma vizuri kuliko simu nyingi, ila vipo pia vya bei ya chini ambavyo ndani ni waya mtupu, hivyo kwenye simu nyingi havitoi sauti kabisa. Mi nimebaki na pleya kwasababu simu inaita katikati ya wimbo, na umeme ukikatika usiku nataka chaji ya simu ibaki kwa ajili ya simu. Chukua yenye vitufe vya kubonyeza. Ya kioo kitupu inakulazimisha uitoe mfukoni kila ukitaka kuruka wimbo, ya vitufe unaibonyeza hukohuko gizani.

Mambo ya faili, msiumizwe vichwa. Nyimbo za kanda nimezitunza kwenye kompyuta kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza kitu kwenye sauti, kama nakala mama, kwenye pleya naweka mp3 za kbps 320 ambazo ni ndogo zaidi na sisikii tofauti, naapa nimejaribu usiku mwingi. Dakika moja ya mp3 ya hivyo ni kama MB 2.4, kadi ya GB 32 inabeba masaa zaidi ya 200. Pleya nyingi za zamani hazisomi kadi inayozidi hiyo GB 32 kwaiyo uliza. Na kadi yenyewe ipime. Niliuziwa kadi imeandikwa 128, nikajaza kanda zote, nusu ya nyimbo zikagoma kufunguka, nikaja kujua ndani yake kuna GB 8 tu na zilizobaki zilikuwa maandishi. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza kadi na kuisoma yote, unapata ukweli wake kabla hujafuta nakala zako. Ningekuwa nimefuta zile za kwenye kompyuta, sijui ningemwambia nini shangazi.

Blutuu sina ugomvi nayo, mazoezini inafaa. Ila vile vidogo visivyo na waya betri yake ikichoka, baada ya miaka michache tu, kubadilisha ni kazi ngumu mno, wakati waya ukikatika fundi anaunga na kazi inaendelea.

Hili la mwisho ni la masikio yenyewe. Safari ya Dar kuja Tanga, ukipita Chalinze na Segera, ni masaa kama sita, injini inanguruma, video ya basi juu, unapandisha sauti kidogokidogo kushindana nayo. Nilishuka stendi ya Kange hapa Tanga siku moja masikio yanalia niiii mpaka asubuhi yake. Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 mwisho masaa 40 kwa wiki, zikifika 90 ni masaa 4 tu kwa wiki nzima, kwaiyo safari moja tu umeshapitiliza. Kwenye basi vaa zile za kuziba sikio vizuri, kelele za nje zikipungua huna haja ya kupandisha. Na kwenye baiskeli, na Tanga yetu tunavyopenda baiskeli, vua zote mbili.

Shangazi nimemnunulia za sponji, za wazi, kwasababu anataka kusikia mtu akibisha hodi. Kitufe cha kuanzisha wimbo nimekidondoshea rangi ya kucha ili akipapase kwa kidole bila kuvaa miwani. Siku ya kwanza nilimwekea kanda moja aliyorekodi mwenyewe, akakaa mkekani ametulia, katikati ya wimbo akanishika mkono akasema, "Mwanangu, unamsikia huyo mtoto?" Nikavaa mimi. Kweli, nyuma kabisa ya magitaa kuna mtoto analia, na ile kanda nilishaisikiliza mara ngapi sijui na zile iafoni za mwanzo bila kumsikia. Akasema huyo ni kaka yako mkubwa, siku ile alikuwa na homa, nilimweka mgongoni nikasema acha nirekodi hivyohivyo. Kaka mwenyewe saivi ana watoto watatu. Shangazi akachukua hedifoni zake, akapapasa kitufe, akarudisha wimbo nyuma.