Taa ya mwani tuiweke wapi ndipo tupate mafuta?

Swali: Hujambo Mhandisi? Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Kasarani. Klabu yetu ya sayansi inakuza mwani mdogo wa aina ya Chlorella ndani ya mtungi wa plastiki wa lita 20, ile mitungi ya maji ya kunywa. Tumetundika taa ya LED ya wati 36 juu ya mdomo wa mtungi, nayo huwaka saa 16 kwa siku. Wiki mbili zimeisha, maji yamekuwa kijani, lakini hatujaona mafuta yakielea. Wanafunzi wengine wanataka tuishushe taa karibu zaidi, wengine wanasema tuizamishe majini. Tufuate nani?

Jibu: Sijambo, Mwalimu. Wasalimie wanaklabu, kisha uwaambie waache kuchungulia juu ya maji. Mafuta hayataelea. Yamo ndani ya seli, kama ya karanga yalivyo ndani ya karanga, na hayatoki mpaka uvune, ukaushe, usage na uyaondoe kwa kemikali inayoyeyusha mafuta, kama heksani. Tena ni kidogo. Tuseme mtungi wenu una nusu gramu ya mwani mkavu kwa kila lita: hiyo ni gramu 10 kwa mtungi mzima. Hata robo yake ikiwa mafuta, mna gramu mbili na nusu, yaani nusu kijiko cha chai. Kwa hicho kijiko mmeshachoma uniti nane za stima. Kwa hiyo lichukulieni hili kama somo la sayansi. Biashara ya mafuta kwa taa ya stima hailipi.

Sasa taa. Wote wawili wanabishania umbali, na mimi naona shida yenu ni unene wa maji. Mwani hujitilia kivuli wenyewe. Ukiwa na hiyo nusu gramu kwa lita, sentimita tatu za kwanza humeza karibu asilimia 90 ya mwanga, na ukifika sentimita sita umebaki na asilimia moja tu. Mtungi wenu una upana wa sentimita 27 hivi. Taa ikiwa juu, sehemu kubwa ya mwani iko gizani, na gizani seli hazikai bure: zinapumua na kula akiba yake.

Msinikubalie hivi hivi. Chukueni kifuniko cheupe cha chupa ya soda, mkifunge kwenye waya, mkishushe mtungini polepole mkitazama kutoka juu. Pale kinapopotea machoni, wekeni alama kwenye waya mpime.

Kuishusha taa kunasaidia kidogo sana. Taa ndefu iliyo karibu, ukiupunguza umbali kwa nusu, mwanga huongezeka takriban mara mbili. Ile kanuni ya mara nne mnayofundisha darasani ni ya taa ndogo kama nukta. Lakini hata mkipata hiyo mara nne, mwanga utazama sentimita mbili hivi zaidi, basi. Wakati huohuo seli za juu zinapata mwingi kuliko zinavyoweza kutumia, zinaanza kuharibika.

Kuzamisha kuna mantiki, kwa sababu mwanga wote huishia majini. Niliwahi kujaribu kwa taa ya volti 12 ndani ya bomba la kioo. Siku chache tu, bomba likavaa utando wa kijani unaoteleza kama bamia, nikawa namulika utando badala ya mwani. Nililisugua kila Jumamosi hadi nikachoka. Na taa ya volti 240 isikaribie maji kabisa, Mwalimu, hasa mbele ya watoto.

Ushauri wangu: hamieni kwenye chupa za lita moja na nusu, zenye upana wa sentimita tisa hivi, mzipange mstari mmoja na taa isimame kando. Mkitaka kubaki na mtungi, basi taa iwe ubavuni. Ubavu una eneo kama mara tano ya uso wa juu. Mkipata taa mbili, wekeni moja kila upande. Programu ya simu ya kupima mwanga ikisoma laksi 8,000 hadi 10,000 kwenye ngozi ya chupa, inatosha. Na pampu ya hewa ya tangi la samaki isizimwe. Ndiyo inayozipa seli zamu ya kufika mwangani.

Hapo mtapata mwani mwingi. Mafuta ni habari nyingine, maana Chlorella iliyoshiba mbolea hugawanyika tu. Huweka akiba ya mafuta ikikosa naitrojeni, kile kirutubisho cha kwenye mbolea, huku mwanga upo. Basi wiki ya kwanza ilisheni. Kisha acheni itulie, mwage maji ya juu, mwirudishe kwenye maji yasiyo na naitrojeni, seli zikiwa chache kwa kila lita kuliko mwanzo, ili kila seli ipate mwanga wa kutosha. Kwenye giza, njaa peke yake haileti mafuta. Ndani ya wiki hivi kijani kitafifia kielekee manjano. Lakini msikimbilie kuinyima mbolea siku ya kwanza: Wamarekani walifanya utafiti wa aina hii tangu 1978 hadi 1996, na waliona kwamba njaa hupandisha asilimia ya mafuta ilhali ukuaji unadorora, jumla haiongezeki.

Mkichoka na tokeni, pandeni juu ya paa. Nairobi tuko karibu na ikweta, saa za mchana ni takriban 12 mwaka mzima. Tumieni vyombo vyembamba vya kusimama, bapa moja likitazama mashariki na jingine magharibi. Jua la asubuhi na la jioni litapiga bapani, na lile kali la saa sita litapita ukingoni bila kuuchoma mwani. Vyombo vya kulala vitahitaji neti ya kivuli saa hizo. Mwezi wa Julai mawingu yakiziba asubuhi nzima, toeni neti.

Mkishavuna na kukausha, nitumie uzito wa kila chupa pamoja na ile alama ya kwenye waya.