Ada ya Erasmus+ unalipa wapi?

Umeniuliza kama utalipa ada kule Ulaya ukienda kwa Erasmus+, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi kwa muda. Hapana mdogo wangu, chuo cha Ulaya hakikutozi ada ya masomo wala ya mitihani. Unabaki mwanafunzi wa chuo chako hapahapa Iringa, na ada yako unaendelea kuilipa huku. Kule unaweza kudaiwa vitu vidogo tu, kama bima. Na huombi moja kwa moja Ulaya: ni lazima chuo chako kiwe na makubaliano na chuo cha kule, kwa hiyo anza na ofisi ya ushirikiano wa kimataifa chuoni kwako, uulize nafasi za mwaka huu ni za fani zipi.

Nimepita njia hiyo mwenyewe, muhula mmoja. Kitu cha kushikilia kwa mikono miwili ni mkataba wa masomo, ile karatasi inayoorodhesha kozi utakazosoma. Inatakiwa saini tatu kabla hujaondoka: yako, ya chuo chako na ya chuo kinachokupokea. Mimi nilibadilisha kozi moja nikiwa kule bila kuisainisha upya, nikarudi haikuhesabiwa, nikairudia na wadogo zangu wa mwaka wa chini. Iliniuma sana.

Pasipoti usisubiri barua ya kukubaliwa, iombe Uhamiaji sasa. Ya kawaida ni shilingi 150,000. Viza nayo ni safari ya Dar, maana alama za vidole hutolewa ana kwa ana, basi weka akiba ya nauli.